Kofia Iliyokauka Kichwani

Watu wa Mabawa walimjua Uweso kwa pua kabla ya kumjua kwa jina. Ukikata kona ya msikiti, ikakupiga harufu ya magome ya mkoko yaliyolowekwa, na chini yake ile ya ngozi mbichi inayobishana na kuoza, ujue umefika kwake. Mwenyewe alikuwa mtu mfupi, mpole, kucha zake nyeusi hata siku ya Idd. Mbele yake watu walimwita Fundi. Akishapita walimwita Mnuka Ngozi. Alilijua jina hilo kama mtu anavyolijua kovu la mgongoni mwake: halioni, lakini lipo.

Kazi aliifunzwa na Mzee Zebedayo, Mbondei wa Muheza, aliyeanza kushona matandiko ya farasi akiwa kijana, enzi za Mjarumani. Zebedayo hakuwa na mtoto wa kumrithi. Alipofariki, Uweso alibaki na misharasi yake ya kutobolea ngozi, na kisu chake cha nusu mwezi, na kalibu moja ya mvule iliyochongwa umbo la kichwa cha mtu, kichwa kitupu kisicho na uso. Kalibu ile ilikaa rafuni miaka na miaka. Asmahani, binti yake, alipokuwa mdogo alikuwa akiipa shikamoo kila asubuhi.

Mama yake Asmahani ni Sabiha, binti wa Mzee Jumbe wa mtaa wa Usagara. Usichana wake alikuja kushonewa ukanda wa ndara. Wiki ile ile akarudi na ndara ya pili, nayo ukanda umekatika, na Uweso alipoutazama akaona umekatwa kwa wembe. Akaushona polepole sana, ili mwenye ndara akae.

Mzee Jumbe alitoa idhini ya ndoa kwa ulimi, moyo akaubakiza nyumbani. Alisema mbele ya mashahidi, "Nimekuoza. Lakini mimi nyumba ya ngozi siingii." Watu walidhani ni hasira za siku ile, zitapoa na pilau. Hazikupoa. Asmahani alizaliwa, akaota meno, akaingia shule akatoka, akavunja ungo, na babu yake hajakanyaga kizingiti cha kwao. Mjukuu alikuwa akienda kwake Usagara, anapewa tende na utani, anarudi. Sabiha naye alikwenda kila Idd na sahani iliyofunikwa kawa, akapokewa vizuri, akarudi na sahani yake. Mzee hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametamka neno mbele za watu, na neno lile lilimshika mguu.

Ikaja miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, khanga ukisikia imefika dukani unakuta imekwisha. Dawa ya viatu ilipotea, uzi ukapotea, misumari ikapotea. Uweso akakata matairi, akawavisha Mabawa nzima makatambuga, na penye uzi akatia mkonge aliousokota pajani na kuupaka nta. Masika moja Asmahani alishikwa na homa kali. Ndani hamna mkaa, hamna mafuta ya taa, na kuni zote za kuokota zimelowa. Uweso akaishusha kalibu rafuni, akaipasua kwa shoka.

Sabiha akasimama na sufuria mkononi. "Baba Asmahani, hiyo si ya marehemu mzee?"

"Ni yake."

"Sasa?"

"Marehemu alikuwa akipenda uji."

Uji ukaiva, mtoto akapona. Uweso hakuitaja tena kalibu, ila kwa siku nyingi mkono wake ulikuwa ukienda rafuni wenyewe, ukirudi mtupu.

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa. Maduka yakajaa kana kwamba mtu amefungua mlango kwa teke. Sabuni za kunukia, vitambaa, redio. Na viatu vya mtumba, marobota kwa marobota, viatu vya Wazungu waliokwisha kutembea kwao. Nani tena ataka katambuga? Uweso akabaki na kushona nyayo na kubadili zipu za mikoba. Hakulalamika. Alisema kiatu ni kiatu, mguu hauulizi kimetoka wapi.

Katika mwaka huo wa vitu kurudi, Asmahani akaposwa na kijana wa Moa, mtu wa watu, mchekaji. Mahari ikakubaliwa, siku ikapangwa. Ndipo bibi harusi mwenyewe alipoweka jiwe njiani. Usiku wa kufunga mazungumzo aliwaambia wazazi wake, bila kupandisha sauti, "Mimi sitatoka ndani siku hiyo mpaka babu aingie anishike mkono anitoe. Asipoingia, bwana harusi na aende zake Moa."

"Unajua babu yako hapaingii hapa," Sabiha alisema.

"Najua. Ndiyo maana nasema."

Sabiha akainuka, akaenda uani kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Uweso alimsikia. Tangu waoane mkewe hakupata kumwomba kitu kizito, na hata sasa hakuomba. Alisugua sahani tu.

Siku chache baadaye akaja Bwana Hakimuddin, Mbohora mwenye duka la vyuma pale Usagara, rafiki wa Mzee Jumbe wa kahawa ya kila siku. Amebeba gunia la sukari lililofungwa kamba.

"Uweso bhai, nimekuletea mgonjwa."

Alipofungua gunia, Uweso aliinama kutazama. Ilikuwa kofia ya ngozi. Ile ya Kingi.

Zamani, wazee walipocheza ngoma ya beni, kila chama kilikuwa na tarumbeta zake na sare zake na vyeo vya kijeshi vya kujipa, na juu ya wote kuna Kingi. Kingi wa Chama cha Jogoo alikuwa baba yake Mzee Jumbe, na baada yake Jumbe mwenyewe. Chama kilitaka Kingi avae kofia ya vita kama waliyoiona kwa Mjarumani, nyeusi, inayong'aa, yenye ncha juu. Wakampa kazi Zebedayo. Akachemsha ngozi ya ng'ombe, akaivutia kwenye kalibu ya mvule, akaikausha kivulini, akaishona mshono mmoja tu kisogoni. Akatia ukingo mbele wa kuzuia jua na ukingo nyuma wa kuzuia mvua. Palipokuwa na tai wa Mjarumani, chama kikasema sisi si tai, sisi ni jogoo. Baba yake Hakimuddin akalikata sinia la shaba, akamchora jogoo anayewika. Na ile ncha ya juu? Ni kishikio cha mfuniko wa dele la kahawa. Ukikijua huoni kitu kingine, lakini waliokuwa hawajui walitetemeka.

Sasa utosi wake ulikuwa umebonyea kama embe lililodondoka. Paa limevuja juu ya sanduku. Panya wamekula kitambaa cha ndani, mkanda wa kidevuni umebaki vipande vya shaba vilivyoning'inia kama magamba ya samaki, na jogoo ameota kutu ya kijani mpaka kwenye kishungi.

"Ya nani?" Uweso aliuliza.

"Mwenyewe hataki atajwe."

"Bwana Hakimu, ina jogoo mbele. Mji mzima unajua ni jogoo wa nani."

"Basi sikusema mimi. Kasema jogoo." Hakimuddin akajifuta jasho. "Ataka kuongoza msafara wa harusi ya mjukuu. Kutoka kwake mpaka barabarani hapo. Mlangoni kwako, hilo sijui. Kasema kofia iwe ilivyokuwa, isipungue wala isizidi."

Uweso akaigeuza, akatia kiganja ndani, akapapasa. "Ngozi bado hai. Nikiilowesha italainika, nitaivuta irudi. Ila haitastahimili kuloweshwa mara ya pili, itapasuka. Na lazima ikaukie kwenye kalibu, nayo kalibu tuliipikia uji."

"Tia kwenye kibuyu."

"Kibuyu hakina kisogo. Hii ilikatwa kwa kichwa cha ukoo ule, bwana. Nyuma kimechongoka, kulia kimebonyea kidogo juu ya sikio. Mke wangu anacho, binti yangu anacho."

"Basi mvalishe mkeo."

"Chake kidogo." Uweso akaiweka kofia juu ya meza. "Mwambie mwenyewe alete kichwa."

Hakimuddin akaanza kucheka kwa tumbo. "Wallahi, wewe mpole wa usoni tu."

Alipokwisha kwenda, Sabiha alitoka mlangoni alikokuwa amesimama. "Kweli huwezi kuchonga kalibu nyingine?"

"Naweza."

"Sasa?"

"Mti mbichi hupasuka. Mpaka ukauke, harusi imepita."

"Ndiyo hiyo tu?"

Uweso akachukua msharasi, akautazama kama aliyeuona mara ya kwanza. Jioni ile Sabiha alimtilia nyama mbili za ziada.

Siku waliyoagana Mzee Jumbe alikuja baada ya Adhuhuri, kanzu nyeupe, bakora, Hakimuddin nyuma yake. Uweso akamwamkia shikamoo kwa mikono miwili, mzee akaitikia marahaba akitazama paa.

"Kazi hukaliwa kazini," mzee alisema. "Nitakaa hapa kibandani, ndani siingii."

Kibanda cha kazi kiliegemea ukuta wa nyumba, wazi upande mmoja. Hakimuddin alikaa kidogo, akasema duka halina mtu, akaondoka. Uweso alikuwa amefumua kingo, akang'oa jogoo na ncha, na kuichemsha ngozi kwa maji na nta tangu asubuhi. Aliitoa kwenye beseni ikifuka mvuke, akaingoja ipoe kiasi cha kuvumilika, akaomba radhi, akamvisha mkwewe. Maji yakamteremka mzee shingoni hadi ndani ya kanzu. Uweso akaanza kuisukuma kwa mfupa laini wa ng'ombe, kutoka utosini kwenda chini, akizunguka, akibonyeza pale palipo bonde, akiachia palipochongoka. Haijapata kuonekana mtu akimshika mkwewe kichwa namna ile. Vidole vyake vilijua njia. Aliwahi kukiosha kichwa cha namna hiyo kikiwa cha mtoto mchanga, na kukipaka mafuta kikiwa na homa.

"Una mikono myepesi," mzee alisema, kana kwamba anamshitaki.

"Ngozi haipendi nguvu, baba."

Sabiha akaleta kahawa na kashata, akaiweka karibu na goti la baba yake, akarudi ndani. Upepo ulikuwa mzuri. Uweso alikuwa amepiga hesabu ya upepo huo: ukivuma hivi, kabla jua halijalegea ngozi itakuwa imeshika. Hakupiga hesabu ya mawingu. Yalikuja kutoka baharini, mazito, hewa ikatuama, na ngozi ikabaki na ubichi wake.

Ndipo mwadhini akaadhini Alasiri.

Wote wawili waliinua vichwa, kisha wakatazamana, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ndoa. Wanaume wawili waliokuwa hawakosi safu ya kwanza, kila mmoja msikitini kwake, walikuwa wametumiana habari ya kulowesha na kukausha na kisogo na utosi, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba kati ya Adhuhuri na Magharibi pana Alasiri.

"Niivue," mzee alisema.

"Ukiivua sasa itajikunja kama jani la mgomba motoni. Haitarudi tena."

"Basi nisali nayo hivi? Udhu sina, umri wangu huu udhu haukai. Nitapakaje maji kichwani? Na kusujudu je? Imenifika kwenye nyusi, paji la uso litagusa wapi?" Sauti yake haikupanda, ilishuka. "Umenifunga kichwa, fundi. Ama niiharibu kofia ya baba yangu, ama niiharibu swala yangu. Hivi ndivyo mtu anavyopata kwa kukaa na ngozi."

Uweso akapima moyoni. Akisema ivue, kofia imekufa na mzee ataondoka na gunia lake na harusi pamoja nalo. Akisema subiri, ndiye aliyemzuia mkwewe na swala, na jina la Mnuka Ngozi litakuwa limepata hoja. Matone yakaanza kugonga bati.

Sabiha alitokea na kopo la maji. Sijui alikuwa amesimama ukutani tangu lini.

"Baba," alisema, "udhu unatosha kupaka sehemu ya kichwa. Hata unywele mmoja."

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Nilikuwa nalia maji ya baridi, ukaniambia usilie, unywele mmoja unatosha."

Mzee akatawadha uso, akatawadha mikono hadi viwikoni, Sabiha akimmiminia. Ilipofika zamu ya kichwa alijaribu kupitisha kidole chini ya ngozi, hakikupita. Kofia ilikwisha kumkumbata. Sabiha akalowesha kidole chake chembamba, akakiingiza taratibu juu ya shingo, palipokuwa na vinywele vyeupe vichache, akavipaka maji. Akakiacha kidole pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akammiminia miguuni.

"Na kusujudu?" mzee akauliza, na sasa lilikuwa swali kweli.

Uweso alijua la kufanya tangu muda, ila mkono ulikuwa mzito. Ukingo wa mbele ulikuwa haujashonwa, ngozi pale bado mbichi, inasikia. Angeweza kuikunja juu. Lakini ikikunjwa itakaukia hivyo, na kofia haitakuwa ilivyokuwa. Isipungue wala isizidi, ndivyo alivyoagizwa.

"Samahani, baba," alisema. Akaweka vidole gumba viwili juu ya nyusi za mkwewe, akausukuma mdomo wa kofia juu, ukakunjika, paji la uso likatokea, jeupe kuliko uso wote kwa kukosa jua, likiwa na ile alama ya kusujudu katikati. Mzee akaurudia udhu tangu uso, paji sasa likipata maji, Sabiha akimsaidia tena.

Wakatazama chini. Sakafu ya kibanda ilikuwa tope na maji ya magome na vipande vya ngozi. Mvua ikakaza.

"Hapa hapasaliki," Mzee Jumbe alisema.

Sabiha aliangalia kopo. Uweso aliangalia mfupa mkononi mwake. Mzee akasimama, akashika bakora, akatazama mlango wa nyumba kama mtu anayetazama mto aliosikia habari zake. Kisha akaenda. Mlango ulikuwa mfupi na kofia ilimwongezea kimo, ikabidi ainame sana. Akaingia kwa mguu wa kulia.

Ndani Asmahani alikuwa amekwisha kutandika mkeka. Uweso akajivuta nyuma, kama desturi, ampishe mzee atangulie mbele asalishe. Mzee hakwenda mbele. Alisimama nyuma ya mahali pa imamu, na ile kofia mbichi isiyo na jogoo wala ncha kichwani, inadondosha maji mkekani.

"Tangulia," alisema.

"Baba, wewe ndiye mkubwa."

"Mwenye nyumba ndiye asalishaye. Nyumba ni ya nani?"

Uweso akatangulia. Alipokuwa akisoma, nyuma yake alisikia goti la mzee likilia, na ngozi mbichi ikilia kidogo kila alipoinama, na nyuma zaidi mtu aliyekuwa akivuta pumzi kwa pua kama mwenye mafua. Alijua ni mkewe.

Walipotoa salamu, mzee alikaa palepale. Akatazama kuta, akatazama picha ya Makka, akatazama dari. "Nyumba ina ubaridi mzuri," alisema. Kisha akaomba kahawa, ile ya kibandani haikuwa imekolea.

Kofia ilikauka kichwani mwake ndani ya nyumba ile, mpaka taa ikawashwa. Siku zilizofuata Uweso aliipaka masizi na nta, akaisugua hadi ukaweza kuona dirisha ndani yake. Akashona kingo kwa uzi wa mkonge. Sabiha akashona bitana ya ngozi ya mbuzi, iliyokatwa meno na kuvutwa juu kwa kikamba, ili ikae kichwani bila kuumiza. Hakimuddin akamsugua jogoo kwa ukwaju na majivu, akakirudisha na kishikio cha dele juu. Tatizo lilikuwa ule mkunjo. Haukukubali kulala tena. Ukingo wa mbele ukapanda, na jogoo akalala nyuma kidogo, akitazama juu.

Siku ya harusi walipata tarumbeta moja na ngoma tatu, na wazee wa Chama cha Jogoo waliobaki, wengine wakichechemea nje ya mdundo. Mzee Jumbe mbele, bakora begani kama bunduki. Walipofika Mabawa, Hakimuddin akamwambia, "Mzee, jogoo wako hatazami njia. Atazama mbinguni."

"Mwache. Angoja adhana."

Mlangoni aliinama tena, ncha ya dele ikakwaruza kizingiti cha juu, akaingia, akatoka amemshika mjukuu mkono. Asmahani alikuwa na haya za bibi harusi usoni, lakini mdomo umemshinda, anacheka.

Ijumaa iliyofuata, hakuna harusi, hakuna kofia, Uweso alisikia hodi. Mzee Jumbe alikuwa amesimama na kikofia chake cha viua, jasho limemtoka. Kutoka kwake hadi hapo kuna misikiti kadhaa, na mmoja umepakana na ukuta wa nyumba yake.

"Nilikuwa napita," alisema. "Alasiri imenikuta njiani."

"Karibu, baba," Uweso alisema, akafuta vidole vyake vyeusi kwenye kikoi, akaenda kutandika mkeka. Sabiha alikuwa tayari na kopo la maji.